Zumari, Beni na Mazishi Yetu

Katika mwaka huu uliokwisha halmashauri yetu ilipokea ombi ambalo halijapata kuletwa mbele yake. Jamaa wa mwanachama mmoja waliomba hazina ya chama ilipe bendi ya matarumbeta ya kukodi, ipate kuusindikiza mwili wa marehemu wao kutoka Kibwezi mpaka Ikutha. Wazee waligawanyika. Sisi tuandikao kumbukumbu za mkutano tuliagizwa kutafuta habari za kale juu ya jambo hili, nasi twazileta hapa.

Nchi ijulikanayo sana kwa desturi hii ni Uskoti. Huko mtu hulipwa ujira ili atembee mbele ya jeneza, au mbele ya bibi arusi, akipiga zumari ya mfuko. Mpigaji hupuliza pumzi katika mfuko wa ngozi alioubana kwapani. Bomba moja hutoa wimbo, na mengine matatu huvuma sauti moja pasipo kukoma. Hapo kale wakuu wa koo za milimani walikuwa na wapigaji wao, na kazi hiyo ilirithiwa baba kwa mwana. Baadaye vikosi vya Kiskoti katika jeshi la Waingereza vikaipeleka zumari kila vilikotumwa. Hata Oman, nchi yenye ndugu wengi wasemao Kiswahili, Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi 2020, alikuwa na wapigaji wa zumari hiyo waliopanda ngamia.

Ukambani zumari haikuletwa na misheni. Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, alifika 1895, akafungua kituo Nzaui, akafariki mwaka uliofuata. Hapa Ikutha Walutheri wa Kijerumani walikuwa wamekwisha tangulia. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kuanza, kazi yao iliingia mikononi mwa Africa Inland Mission, ambayo ilikataza waumini ngoma kabisa. Ndiyo maana wengi wetu tulilelewa tukijua mazishi ya tenzi tu.

Njia ya muziki wa gwaride ilikuwa nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa pwani waliosikia bendi za misheni, za manowari na za Sultani wa Unguja walianza ngoma iliyoitwa beni. Mombasa palikuwa na chama kilichojiita Skochi, kwa kuwaiga askari wa Kiskoti na sketi zao za mirabaraba. Wapinzani wake walijiita Kingi. Wakuu wa vyama hivyo walijipa vyeo vya Kizungu, na mashindano yao yalikula fedha nyingi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua beni bara. Kwetu ikawa mbeni, yenye ngoma, filimbi na miruko ambayo wazee wetu wangali wakiikumbuka.

Lakini jambo lililotushika zaidi ni hili. Vyama vya beni havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akifa ugenini, wenzake walichanga, wakamnunulia sanda, wakamzika. Waliopiga ngoma ndio waliochimba kaburi. Hebu msomaji atazame daftari letu: mchango wa gari, mchango wa jeneza, mchango wa chakula cha waombolezaji. Twaweza kusema pasipo aibu kwamba vyama kama chetu ni wajukuu wa beni, ijapokuwa baba zetu wa kanisani wasingefurahi kusikia hivyo.

Wale wapendao bendi ya kukodi wanayo hoja. Marehemu aliyefanya kazi miaka mingi mbali na kwao astahili kurudi kwa heshima, na jamaa walio maskini huona uchungu mwili ukiwasili kimya. Hata hivyo, mwaka juzi tulihudhuria mazishi ambayo hatutayataja. Bendi ililipwa yote asubuhi, ikapiga tenzi nne, ikaondoka kabla kaburi halijafukiwa. Mwenye gari la maiti hakulipwa siku ile, akawa akimdai mjane fedha mpaka mavuno.

Halmashauri ililipa gari na jeneza la marehemu wa mwaka huu, na neno la bendi likaahirishwa hadi Mkutano Mkuu. Ila mzee mmoja aliyecheza mbeni ujanani, na ambaye angali anayo filimbi yake, alijitolea kuwafundisha vijana kila Jumamosi alasiri chini ya mwembe wake. Siku ya kwanza walikuja watatu, ya pili tisa. Ngoma zilizopatikana ni mbili, na moja yahitaji ngozi mpya. Mwanachama mwenye ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vema na aipeleke kwa mweka hazina.