Kibiti, Mbande hadi Ruvuma: Mambo ya kujua kuhusu usalama wa ukanda wa kusini

Ukimwambia mkazi wa Chanika habari za mpaka wa Msumbiji, jibu la haraka ni kwamba huko mbali. Kwa kilomita ni kweli: kutoka Chanika hadi Mto Ruvuma ni zaidi ya kilomita 500. Lakini matukio ya miaka kumi iliyopita yanaonyesha kwamba vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, wilaya za Pwani na vijiji vya mpakani Mtwara vimeguswa na tatizo linalofanana.

Haya ndiyo mambo ya msingi.

Kwa ufupi

- Kati ya 2015 na 2017, watu wenye silaha waliua polisi na viongozi wa vijiji Pwani na pembezoni mwa Dar es Salaam.
- Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Cabo Delgado, Msumbiji. Polisi Tanzania walisema baadhi ya wahusika wa Kibiti walikimbilia huko.
- Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa kutoka ng'ambo ya mto.
- Operesheni zilituliza hali, lakini maswali ya utawala na haki bado yapo.

Kwa nini Chanika inahusika?

Chanika ipo wilaya ya Ilala, mwisho wa barabara inayopita Gongo la Mboto na Pugu. Upande mmoja inapakana na Kisarawe. Upande mwingine kuna njia ya Msongola inayotokea Mbande na Mbagala, na kutoka hapo Barabara ya Kilwa inaelekea Vikindu, Mkuranga, Kibiti, Lindi na Mtwara.

Tukio lililowashtua wakazi wengi wa ukanda huu lilitokea usiku wa Julai 12, 2015. Kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa. Watu 7 waliuawa, wakiwemo askari 4, na bunduki zikaibwa. Siku chache baadaye polisi walitangaza kupata baadhi ya silaha hizo wilayani Mkuranga.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mbande. Agosti 23, 2016, askari 4 waliuawa wakiwa kwenye lindo la benki. Msako uliofuata ulifika Vikindu, ambako kulikuwa na mapambano ya risasi na ofisa mmoja wa polisi alipoteza maisha.

Ukiangalia ramani, Ukonga, Mbande na Vikindu zinaizunguka Chanika kama nusu duara. Kwa hiyo hata kabla jina la Kibiti halijawa maarufu, vitongoji vya jiji vilikuwa vimeshaguswa.

Nini kilitokea Kibiti, Mkuranga na Rufiji?

Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji, ipo kilomita takriban 140 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kuanzia 2016 hadi katikati ya 2017, mauaji yalifuatana kwenye wilaya hizo tatu, ambazo baadaye zilipewa jina la pamoja la MKIRU.

Mtindo ulijirudia. Watu wawili au watatu wanakuja na pikipiki, mara nyingi jioni au usiku, wanampiga risasi mlengwa wao nyumbani au njiani, kisha wanapotelea msituni. Mara nyingi hawakuiba kitu. Hakuna kundi lililojitokeza hadharani kueleza linataka nini.

Februari 2017, mkuu wa upelelezi wa wilaya aliuawa pamoja na watu wengine wawili kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao ya misitu, Jaribu Mpakani. Aprili 13, 2017, eneo hilohilo la Jaribu, gari la polisi waliokuwa wakirudi kutoka lindoni lilishambuliwa. Askari 8 waliuawa papo hapo na silaha zao zikachukuliwa.

Hadi katikati ya 2017, waliouawa walikuwa wameshapita 30.

Kwa nini walilengwa wenyeviti na watendaji?

Hili ndilo linaloitofautisha Kibiti na ujambazi wa kawaida. Wengi wa waliouawa walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, wanamgambo na viongozi wa CCM ngazi ya chini.

Kijijini, mwenyekiti na mtendaji ndio serikali yenyewe. Wao wanajua nani mgeni, nani kauza shamba, kijana gani kaondoka nyumbani na hajarudi. Mtu akitaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au kumdhamini ndugu yake polisi, anaenda kwao. Taarifa za usalama nazo zinapita kwao kabla ya kufika wilayani.

Ukimuua mwenyekiti mmoja, wa kijiji cha jirani anakimbia. Baadhi ya viongozi walihama makazi yao, wengine waliacha kazi. Ofisi ikifungwa, polisi wanabaki bila macho na wananchi wanabaki bila mtu wa kumwendea. Anayenufaika ni mwenye bunduki.

Chanzo chake ni nini?

Hakuna jibu moja. Waliofuatilia suala hili wametaja mambo kadhaa kwa pamoja.

La kwanza ni itikadi kali. Mamlaka za usalama kwa miaka mingi zimekuwa zikionya kuhusu vijana kuingizwa kwenye vikundi vyenye silaha. Februari 2015 kulikuwa na mapambano kati ya vyombo vya dola na watu wenye silaha eneo la mapango ya Amboni, Tanga.

La pili ni misitu na ushuru. Mkaa unaopikia Dar es Salaam unatoka kwa kiasi kikubwa Pwani, zikiwemo Rufiji, Kibiti na Mkuranga. Kwa kijana asiye na ajira, gunia la mkaa ni kipato. Kwa halmashauri, ni ushuru. Vizuizi vya barabarani viligeuka sehemu ya ugomvi wa kila siku, na mmoja wao ndipo watu watatu walipouawa Februari 2017.

La tatu ni ardhi. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006, wengi walielekezwa Pwani na Lindi. Migogoro ya wakulima na wafugaji iliongezeka bonde la Rufiji, na baadhi ya wanavijiji waliwalaumu viongozi wao kwa kupokea mifugo au kugawa maeneo bila mkutano wa kijiji.

La nne ni hisia ya kuachwa nyuma. Kusini ilisubiri hadi 2003 kupata Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji. Mwaka 2013 Mtwara kulitokea vurugu kubwa kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, ambalo leo linafika Kinyerezi. Maandamano ya gesi na mauaji ya Kibiti ni mambo mawili tofauti. Ila malalamiko yasiyosikilizwa hurahisisha kazi ya anayetafuta wafuasi.

Serikali ilifanya nini?

Mei 28, 2017, Rais John Magufuli alimwondoa IGP Ernest Mangu na kumteua Simon Sirro, aliyekuwa kamanda wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Rufiji nayo ikafanywa kanda maalumu ya kipolisi, ikiwa na kamanda wake.

Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kiusalama ilieleweka, kwa sababu pikipiki ndiyo iliyotumika kwenye mauaji mengi. Kimaisha iliuma: mgonjwa wa usiku alikosa usafiri, na dereva wa boda alipoteza saa zake nzuri za biashara.

Agosti 2017, Sirro alitangaza kwamba polisi wamewaua watuhumiwa 13 Kibiti na kukamata silaha. Baada ya hapo kasi ya mauaji ilishuka sana, na maisha yakaanza kurudi taratibu.

Maswali yaliyobaki

Utulivu ulirudi, lakini si kila kitu kiliwekwa wazi. Watuhumiwa wengi walitajwa wakiwa wameshauawa, kwa hiyo ushahidi haukusikilizwa mahakamani. Familia za waliouawa hazikupata nafasi ya kusikia nani alipanga na kwa nini. Kuna familia nyingine zilizodai ndugu zao walichukuliwa wakati wa operesheni na hawajaonekana tena.

Jina linalokumbukwa zaidi ni la Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi na kuripoti mauaji hayo. Alitoweka Kibiti Novemba 21, 2017. Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha akasema kauli yake ilieleweka vibaya.

Hakuna ripoti ya uchunguzi huru kuhusu Kibiti iliyowekwa hadharani.

Msumbiji inaingiaje hapa?

Oktoba 5, 2017, wiki chache baada ya Kibiti kutulia, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi mji wa Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado. Wenyeji waliwaita al-Shabaab, ingawa si kundi lile la Somalia. Mwaka 2019 walianza kutajwa kama tawi la kundi linalojiita Dola la Kiislamu.

Machi 2021 walivamia Palma, karibu na mradi wa gesi wa kampuni ya Ufaransa, Total, wenye thamani ya dola bilioni 20. Mradi ukasimama. Vita hivyo vimewang'oa makwao mamia kwa maelfu ya watu.

Sirro alisema baadhi ya waliotafutwa Kibiti walivuka kwenda Msumbiji. Kwa maana hiyo, operesheni ilisafisha wilaya tatu za Pwani, lakini sehemu ya tatizo ilihamia ng'ambo ya mto.

Kitaya, 2020

Oktoba 14, 2020, tatizo lilirudi. Kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na kundi ambalo Sirro alisema lilikuwa na watu takriban 300 kutoka Msumbiji. Wanakijiji waliuawa na nyumba zikachomwa.

Mwezi uliofuata, wakuu wa polisi wa nchi hizo mbili walisaini makubaliano ya kufanya operesheni za pamoja. Julai 2021, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka wanajeshi kwenye kikosi cha SADC, SAMIM, wakati Rwanda ikipeleka jeshi lake kwa makubaliano ya moja kwa moja na Maputo. SAMIM ilimaliza muda wake Julai 2024.

Mto unagawa nchi, haugawi ndugu

Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili za Ruvuma. Watu wanavuka kulima, kuvua, kuoa na kuzika. Daraja la Umoja, Mtambaswala, lilifunguliwa 2010 kwa ajili hiyohiyo ya kuunganisha.

Undugu huo unailetea serikali kazi ngumu. Ukifunga mpaka kabisa, unamnyima mkulima shamba lake. Ukiuacha wazi, mwenye silaha anajichanganya na wakimbizi.

Mwaka 2021, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilisema zaidi ya raia 9,600 wa Msumbiji walirudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, na likaomba wapewe hifadhi.

Tarehe muhimu

- Julai 2015: Kituo cha Stakishari chavamiwa
- Agosti 2016: Askari 4 wauawa Mbande
- Aprili 2017: Askari 8 wauawa Kibiti
- Mei 2017: Sirro ateuliwa IGP
- Oktoba 2017: Mashambulizi yaanza Cabo Delgado
- Novemba 2017: Azory Gwanda atoweka
- Oktoba 2020: Kitaya yavamiwa
- Julai 2021: SADC yapeleka kikosi Msumbiji
- Julai 2024: SAMIM yaondoka

Somo kwa mitaa ya pembezoni

Chanika inakua kwa kasi. Viwanja vinauzwa, mapagale yanageuka nyumba, na wapangaji wanaingia na kutoka. Mtaa ambao miaka kumi iliyopita kila mtu alimjua mwenzake, leo jirani hajui jina la jirani.

Hapo ndipo kazi ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa inapoonekana. Daftari la wakazi likiwa hai, mgeni anafahamika bila kusumbuliwa. Likiwa limekufa, msako ukija unamkumba kila kijana aliyekaa kijiweni.

Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi kwenye kata ili wawe karibu na wananchi, na namba ya dharura ni 112. Lakini mtu hatoi taarifa kwa mtu asiyemwamini. Akihofia kwamba jina lake litavuja, au kwamba yeye ndiye atakayegeuziwa kibao, ananyamaza.

Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2023 na kupendekeza mabadiliko makubwa ndani ya Jeshi la Polisi. Utekelezaji wake ni suala la usalama pia, siyo la mahakamani tu.

Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mbele ya mahakama mapema, na ndugu zake wana haki ya kujua yuko wapi. Katika maeneo kama Kibiti, hilo ndilo linaloamua kama mwananchi aliyeona kitu cha kutilia shaka atapiga simu au atafunga mlango na kulala.