Petroli ya Shoo

Msomaji, kama hukuwahi kukaa kwenye banda la video la miaka ya tisini, ngoja kwanza nikupe benchi. Unatoa shilingi 50 mlangoni, unainua gunia lililowekwa kuzuia mwanga, unajipenyeza katikati ya magoti ya watu. Mbele kuna televisheni ndogo juu ya kreti za bia, na deki imefunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Nyuma ya ukuta wa mabanzi jenereta linaunguruma. Kwetu Mbamba Bay, upepo wa ziwa ukigeuka, moshi wa jenereta uliingia ndani pamoja na harufu ya usipa walioanikwa ufukweni. Nani alijali? Ndani mlikuwa na Rambo, mlikuwa na Komando, na sheria ilikuwa moja tu: steringi hafi.

Nataka kukusimulia habari za picha moja iliyotugawa, na za siku ambayo mgawanyiko ule nusura umtoe mtu roho.

Tuanzie mbali kidogo. Video haikuja kwetu kwa bahati tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, vituo vya ITV na CTN vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Lakini matangazo hayo yalikuwa mbali nasi. Kilichotufikia ziwani ni kanda. Na kilicholeta kanda, amini usiamini, ni kahawa. Serikali ilikuwa imewaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa, na katikati ya 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ikapaa dunia nzima. Huko juu Umatengo, ambako watu hulima kwenye miteremko kwa mashimo ya ngoro, noti zilionekana. Wengi waliezeka bati na kulipa ada za watoto. Wachache walifunga safari ya Dar, wakarudi na jenereta, televisheni na deki. Mmoja wao aliteremka na mali yake mpaka kwetu, karibu kilomita 66 za kona na vumbi kutoka Mbinga mjini. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018. Kwa hiyo miaka ile, bila petroli hakuna picha. Lishike neno hilo, petroli.

Kabla ya mabanda, sinema ilikuwa kitu cha kuonyeshwa, hukukichagua. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la sinema za mafunzo, makao yake yakiwa Vugiri, Usambara. Walipakia projekta kwenye lori na kuwazungushia Waafrika picha za kilimo na afya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja filamu ya Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mtu wa Songea, yule yule tuliyemjua baadaye kama Waziri Mkuu na Simba wa Vita. Yaani mmoja wa masteringi wa mwanzo wa Tanganyika alitoka mkoani kwetu! Wakati huohuo wakaguzi wa kikoloni walikuwa na picha walizowaruhusu Wazungu na kuwanyima Waafrika, kwa hofu kwamba Mwafrika akiona ngumi ataiga ngumi.

Uhuru ulipokuja, hofu ile haikuondoka, ilibadili koti. Sheria Na. 4 ya 1976, ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ilitaka picha zikaguliwe kwanza ndipo wananchi wazione. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa mazito zaidi. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na sheria yake ya ukaguzi tangu 1968, na televisheni haikuanza huko mpaka 1999, Banda akiwa ameshaondoka madarakani kwa kura za 1994. Sasa fikiria: banda la video lilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna mkubwa aliyetuchagulia. Kanda zilikuja zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala, hata sura za watu zikaonekana kama zimo ndani ya maji. Lakini zilikuwa zetu.

Ndipo ikaja Sarafina!

Picha hiyo ilitolewa 1992, ikiongozwa na Darrell Roodt, kutokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema ulioanza Johannesburg mwaka 1987. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, mwanafunzi wa Soweto. Whoopi Goldberg ni mwalimu anayefundisha historia ambayo wakubwa hawaitaki. Miriam Makeba ni mama yake Sarafina, mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Nyuma ya hadithi kuna uasi wa kweli, ule ulioanza tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipokataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu na polisi wakawafyatulia risasi. Sisi tulikuwa tumezoea kumwona mtu mweusi akifa dakika ya kumi ili Mzungu apate sababu ya kulipiza. Hapa weusi ndio wenye picha. Wamevaa sare za shule, wanaimba, wanapigwa risasi.

Halafu inakuja ile sehemu. Konstebo Sabela, mweusi mwenzao anayewatumikia Makaburu, anakamatwa na wanafunzi na kuchomwa moto akiwa hai. Aliyeigiza Sabela ni Ngema mwenyewe, mtunzi.

Ilikuwa mwaka 1995. Sisi vijana tuliruka juu ya mabenchi: "Choma! Choma huyo!" Kila banda lilikuwa na mtafsiri wake, zile kanda zenye sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala wa Dar es Salaam, zilikuwa hazijatufikia. Mtafsiri wetu alipandisha sauti kama anatangaza mpira wa Simba na Yanga. Benchi la mbele alikuwa ameketi mzee mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Afrika Kusini enzi za Wenela, chama cha wenye migodi kilichoajiri vijana wa pande hizi mpaka serikali yetu ilipokomesha jambo hilo baada ya Uhuru. Alikuja kuiona Joni, mji wa ujana wake. Akasimama, mwili wake ukaziba kioo.

"Kaa chini, babu! Tunaona mgongo!"

Hakukaa. Alisema, "Wajukuu zangu, na huyo naye ana mama yake." Akatoka. Nyuma yake akatoka mama mmoja wa Kimsumbiji, aliyevuka mpaka wakati wa vita vya kwao. Yeye hakusema neno.

Wiki nzima kijiweni hakukuwa na habari nyingine. Washikaji wangu walisema mzee kazeeka. Sabela ni msaliti, na msaliti dawa yake moto. Walikuwa na hoja, usiwadharau. Mkoa huu umepakana na vita vya ukombozi. Frelimo ilipoanza mapigano tarehe 25 Septemba 1964, mto Ruvuma ndio ulikuwa mlango, na wakimbizi walipokewa Muhukuru. Shuleni tulifundishwa habari za Mazimbu, Morogoro, ambako ANC walijenga chuo na kukipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. "Uhuru gani uliletwa kwa kubembelezana?" waliuliza. Upande wa pili walikuwa wazazi na walimu. Wao walisema kanda ile itatufundisha kuchoma shule, banda lifungwe.

Kulikuwa na upande wa tatu ambao hatukuusikiliza. Dada mmoja tuliyesoma naye alituambia, "Ninyi mmeona moto tu. Moto ulipozimika picha iliendelea. Mlimwona Sarafina gerezani? Mlimwona anarudi kwa mama yake?" Tulimcheka. Kweli hatukuona. Sehemu zile mtafsiri alinyamaza, maana hazina mapigano, na sisi tulitumia nafasi hiyo kwenda kukojoa.

Haikupita muda akakamatwa mtu na nyavu za wizi. Mtu wa mjini anaweza asielewe: ziwani, kumwibia mtu nyavu ni kumwibia shamba pamoja na mavuno. Alipigwa. Kisha sauti ikatoka katikati ya watu, "Sabela! Sabela huyo!" Watu wakacheka, na baada ya kicheko kila kitu kikawa chepesi. Tairi likaletwa. Ikatakiwa petroli, na petroli ilikuwa kwa mwenye banda. Akatafutwa kijana mwenye mbio. Nilitumwa mimi, na dumu la lita tano.

Nilikwenda mbio kweli. Mwenye banda alikuwa anafuta deki. "Ya nini?" akauliza. Nikamwambia. Alinitazama, akalitazama dumu, akasema, "Hii petroli ya shoo. Leo kuna shoo saa mbili." Akarudi kufuta deki yake. Nikasimama pale kama mjinga, halafu nikarudi na dumu tupu, safari hii natembea. Nilipofika mgambo walikuwa wameshamchukua yule mtu, damu zinamtoka, wanampeleka ofisi ya kijiji. Alipona.

Mpaka leo sijaamua kama ile ilikuwa huruma au biashara. Ninachojua ni kwamba mimi sikuwa na vyote viwili. Nilikuwa na dumu.

Je, picha ndiyo iliyotufundisha? Wazazi wangesema ndiyo. Mimi nasema hapana, ingawa jibu langu halinisafishi. "Wananchi wenye hasira kali" walikuwepo magazetini kabla ya deki ya kwanza kufika kwetu. Moto tulikuwa nao. Picha ilitupa jina. Mwizi wa nyavu alikuwa mtu tunayemjua, tunajua na kibanda chake. Alipoitwa Sabela, akawa mtu wa kwenye kioo, na mtu wa kwenye kioo haumii. Wakaguzi wa tangu ukoloni waliogopa kwamba tutaiga tunachokiona. Hawakufikiri kwamba hatari inaweza kutoka kwenye kile ambacho hatukukiona, zile dakika ambazo mtafsiri alinyamaza na sisi tukatoka nje.

Na Afrika Kusini yenyewe haikuwa na jibu moja kama tulivyodhani. Julai 1985, mjini Duduza, umati ulitaka kumchoma mtu aliyeshukiwa kuwa mpelelezi wa polisi. Askofu Desmond Tutu na mwenzake Simeon Nkoane waliingia katikati ya watu wakamtoa. Siku chache baadaye, Duduza hiyohiyo, mwanamke aitwaye Maki Skosana aliuawa kwa moto mbele ya kamera. Serikali ya Makaburu ilifurahi kuionyesha picha ile kwenye televisheni, ili dunia iseme mnaona, hawa ndio wanaotaka uhuru. Miaka ya tisini, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, ilielezwa kwamba mama yule hakuwa msaliti. Yule mzee wetu wa Wenela hakuwa na haja ya kusoma hayo. Alijua Joni ina watu.

Siku hizi Mbamba Bay ni makao ya Wilaya ya Nyasa, barabara ya kutoka Mbinga ina lami, na kila kijana ana banda lake la video mfukoni. Hakuna kiingilio, hakuna jenereta, na hakuna mzee wa kusimama mbele ya kioo. Nimeitazama Sarafina! tena, safari hii mwanzo mpaka mwisho. Ni picha nzuri. Moto wa Sabela ni dakika chache tu, na nyingi zinazobaki ni za watu wanaojaribu kuishi baada ya moto.

Wewe unayetaka kuandika, na najua wengi mnaosoma kurasa hizi mna daftari chini ya mto, usiogope kuandika damu. Historia yetu inayo, na anayeificha anadanganya. Ila usiwe kama mtafsiri wetu. Moto ukizimika, endelea kusema. Tueleze nani alikwenda kumwambia mama wa Sabela, na kijana aliyetumwa na dumu alilala vipi usiku ule.

Mimi sikulala. Saa mbili nilisikia jenereta likiwashwa, shoo ikaanza kama kawaida.