Masalia ya vilipuzi

Masalia ya vilipuzi (nomino, wingi) ni chembechembe za kemikali zinazobaki mikononi, kwenye nguo au kwenye vifusi baada ya mtu kushika kilipuzi au baada ya mlipuko. Wapo wanaoandika *mabaki*. Si kosa, ila msomaji huweza kufikiria vipande vya bomu vinavyoonekana kwa macho.

Ugumu hasa uko kwenye kitenzi. Jaribio la Griess hutoa rangi ya waridi panapokuwa na nitriti, nazo nitriti hazitokani na nitrogliserini peke yake. Mwaka 1974 mabomu yaliua watu 21 mjini Birmingham, Uingereza. Mtaalamu aliyepima mikono ya washukiwa kwa njia hiyo aliieleza mahakama kwamba ana yakini ya asilimia 99 kuwa wawili kati yao walishika vilipuzi. Baadaye ilionekana kwamba nitroselulosi iliyopakwa kwenye karata huweza kutoa matokeo yaleyale, na watu hao walikuwa wamecheza karata garini moshi. Wanaume sita walifungwa maisha mwaka 1975. Hukumu ikatenguliwa mwaka 1991.

Kwa hiyo jaribio la awali *huashiria*. *Kuthibitisha* kusubiri kromatografia ya gesi ikiambatana na spektrometria ya tungamo, ambayo hutenganisha kemikali na kuitambua kila moja. Tena, *matokeo chanya* hapa si matokeo mema, kosa ninalolisahihisha kila mwaka.

Mfano: *Jaribio la awali liliashiria nitriti, maabara haikuthibitisha nitrogliserini.*