Mkopo wa HELB: Je, shahada ya chuo kikuu ingali na thamani ya deni lake?

KILA mwaka, nafasi za kujiunga na vyuo vikuu zinapotangazwa, furaha katika nyumba nyingi nchini hufuatwa upesi na hesabu. Mzazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba, jamaa na majirani huitwa kwenye harambee, naye mwanafunzi hutia sahihi makubaliano ya mkopo ambao ataanza kuulipa kabla hajajua atafanya kazi gani wala atalipwa pesa ngapi.

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa maelfu ya wahitimu wa Kenya, methali hiyo imekuwa sehemu ya maisha. Wamo wanaolipa mkopo wao bila taabu na kuuhesabu kuwa ngazi iliyowatoa katika umaskini. Wamo pia wanaokaa miaka bila ajira, huku deni likizidi kuvimba kwa faini kupita hata kiasi walichopewa. Swali ambalo wazazi na vijana hujiuliza ni moja: je, shahada inastahili gharama yake?

Ili kulijibu, ni muhimu kufahamu mikopo hii ilianzaje, huhesabiwa vipi, na sheria inasema nini kuhusu anayeshindwa kulipa.

ILIKOTOKA MIKOPO

Mikopo ya elimu ya juu ilianza kabla ya uhuru. Mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma ng'ambo. Baada ya uhuru mwaka 1963, serikali mpya ilihitaji haraka maafisa, walimu, madaktari na wahandisi wa kushika nafasi zilizoachwa na wageni. Kwa hivyo, iligharamia masomo yote ya chuo kikuu, na mhitimu alitakiwa kuitumikia serikali kwa angalau miaka mitatu.

Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka, mpango huo ulilemea hazina ya taifa. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa mikopo chini ya Wizara ya Elimu. Karo iliendelea kulipwa na serikali, lakini fedha za malazi, chakula, vitabu na matumizi mengine zikawa mkopo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na sheria ya kutosha ya kuwafuata wadaiwa, na wengi walizichukulia fedha hizo kuwa zawadi. Ni kiasi kidogo tu kilichorejeshwa.

Mwaka 1991, wakati wa mageuzi ya kiuchumi yaliyoshinikizwa na wafadhili wa kimataifa, serikali iliondoa sehemu kubwa ya ufadhili huo na kuwataka wazazi wachangie karo. Miaka minne baadaye, mwaka 1995, Bunge lilipitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Bodi hiyo ilipewa kazi mbili: kukopesha wanafunzi wahitaji, na kukusanya madeni yote, yakiwemo ya waliokopa tangu miaka ya sabini. Wazo lilikuwa kuunda hazina ya mzunguko, ambapo anayelipa leo anamsomesha atakayefuata.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, na HELB ilimkopesha kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka kulingana na hali ya familia yake. Waliokosa nafasi za serikali walipata mlango mwingine mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia karo kamili. Vyuo vingine vilifuata, na fedha hizo zikawa nguzo ya bajeti zao. Nguzo hiyo iliyumba baada ya 2016, idadi ya watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi iliposhuka na karibu wote kupata ufadhili wa serikali, wengine hata katika vyuo vya kibinafsi. Serikali nayo haikutoa fedha zote ilizoahidi kwa kila mwanafunzi, na vyuo vikatumbukia katika madeni.

MFUMO MPYA WA 2023

Mnamo Mei 2023, Rais William Ruto alizindua mfumo mpya. Badala ya kuvipa vyuo fedha kwa jumla, serikali ilianza kumfadhili mwanafunzi mmoja mmoja kulingana na uwezo wa familia yake. Gharama halisi ya kozi iligawanywa mafungu matatu: ufadhili usiorejeshwa, mkopo wa HELB, na mchango wa familia.

Kufikia mwaka 2024 wanafunzi waliwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikilipa asilimia 5. Kundi la pili lilipata ufadhili wa asilimia 60, mkopo wa asilimia 30, na familia asilimia 10. Kundi la tatu lilikuwa na asilimia 50, 30 na 20. La nne asilimia 40, 30 na 30. Na la tano asilimia 30, 30 na 40. Aidha, kila mwanafunzi angeweza kupata mkopo wa matumizi, kuanzia Sh60,000 kwa mwaka kwa kundi la kwanza hadi Sh40,000 kwa kundi la tano.

Mfano utasaidia kuonyesha maana ya tarakimu hizi. Chukua mwanafunzi wa kundi la tatu anayesomea kozi ya miaka minne inayogharimu Sh240,000 kwa mwaka. Serikali itamlipia Sh120,000. Mkopo wa karo utakuwa Sh72,000, na familia itatoa Sh48,000. Akichukua pia mkopo wa matumizi wa Sh50,000, deni lake litaongezeka kwa Sh122,000 kila mwaka. Atakapohitimu, atakuwa anadaiwa Sh488,000 kabla ya riba, na familia yake itakuwa imetoa Sh192,000.

Chini ya mfumo wa zamani, mwanafunzi aliyepewa kiwango cha juu kabisa cha Sh60,000 kwa mwaka alimaliza miaka minne akiwa na deni la Sh240,000 kabla ya riba. Ingawa thamani ya shilingi imepungua tangu viwango hivyo vilipowekwa, tofauti hiyo si ndogo.

Manung'uniko hayakukawia. Wapo wazazi wa kipato cha chini waliolalamika kwamba watoto wao waliwekwa katika makundi ya wenye uwezo, na mwaka 2024 wanafunzi walitishia kuandamana. Serikali iliunda kamati ya kitaifa kuutathmini mfumo huo. Desemba 20, 2024, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliuharamisha katika kesi iliyowasilishwa na watetezi wa haki, ikisema ulikuwa wa kibaguzi na haukushirikisha umma ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo, na serikali ikatangaza kupunguzwa kwa karo za vyuo vya umma.

SHERIA YA KULIPA

Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ikilinganishwa na mikopo ya benki, ambayo kwa kawaida hutozwa riba zaidi ya mara mbili ya hiyo, na ile ya simu ambayo ni ghali zaidi, hii ni nafuu kubwa. Mhitimu hupewa muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kisha hutakiwa kuanza kulipa. Aliyeajiriwa hukatwa mshahara na mwajiri, ambaye kisheria ana wajibu wa kuiarifu Bodi na kuiwasilishia makato kila mwezi. Mwajiri anayekaidi hutozwa faini.

Mhitimu wa mfano wetu akilipa deni lake la Sh488,000 kwa miaka 10, atahitaji takriban Sh4,940 kila mwezi. Kwa mwenye mshahara wa Sh80,000, kiasi hicho kinaweza kubebeka. Lakini walimu wanagenzi wa sekondari msingi walioajiriwa kuanzia mwaka 2023, wengi wao wakiwa na shahada, walipewa posho ya Sh20,000 kwa mwezi. Kwao, malipo kama hayo yangemeza karibu robo ya posho kabla ya kodi ya nyumba, nauli na chakula.

Mzigo mzito zaidi hata hivyo ni faini. Sheria inaruhusu Bodi kumtoza mdaiwa Sh5,000 kwa kila mwezi asiolipa, yaani Sh60,000 kwa mwaka. Faini hii haitofautishi deni kubwa na dogo. Aliyekopa Sh150,000 hutozwa riba ya takriban Sh6,000 kwa mwaka, lakini akikaa mwaka mzima bila kulipa, faini yake ni mara kumi ya riba hiyo. Katika miaka mitatu, faini pekee hufika Sh180,000 na kulipita deni lenyewe. Jina lake pia laweza kuwasilishwa kwa mashirika ya kukusanya taarifa za mikopo, na hapo hata kukopa mtaji wa biashara ndogo kukawa vigumu.

Mwaka 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba kanuni inayozuia riba kupita kiasi cha deni la msingi, ambayo tayari ilizifunga benki, inaihusu pia mikopo ya HELB. Mwaka huo huo sheria ya ajira ilirekebishwa ili wanaotafuta kazi wasidaiwe vyeti vya kuthibitisha ulipaji wa madeni kabla ya kupewa ahadi ya ajira. Awali, kijana alihitaji cheti cha HELB ili apate kazi, na alihitaji kazi ili alipe HELB.

THAMANI YA SHAHADA

Anayetetea chuo kikuu ana hoja nzito. Taaluma kama udaktari, uanasheria na uhandisi hazina mlango mwingine. Katika utumishi wa umma, cheo na mshahara hufungamana na vyeti, na asiye na shahada hufikia kikomo mapema. Kwa mtoto wa mkulima au mchuuzi asiye na shamba la kurithi wala jina la kumfungulia milango, cheti ndicho urithi wake.

Kwa upande mwingine, ripoti za Shirika la Taifa la Takwimu zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini zimo katika sekta ya jua kali. Huko, anayetafutwa ni fundi anayejua kazi yake, na shahada haimwongezei sana ujira. Hata taaluma zilizodhaniwa kuwa salama zimetikiswa. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, mojawapo ya madai yao likiwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambao serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi ilhali mkataba wa 2017 ulitaja Sh206,000.

Ndiyo maana vyuo vya kiufundi vimeanza kutazamwa kwa jicho jipya. Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo hivyo kuwa Sh56,420 kwa mwaka, yenyewe ikilipa Sh30,000, na Sh26,420 zilizosalia zikiweza kukopwa kutoka HELB. Kwa viwango hivyo, aliyesoma stashahada kwa miaka mitatu na kukopa karo yote alitoka na deni la Sh79,260 kabla ya riba. Viwango vimebadilika tangu mfumo wa 2023, lakini pengo kati ya gharama ya ufundi na ya shahada lingali pana.

Kenya haimo peke yake katika mtihani huu. Tanzania, ambayo bodi yake ya mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkata aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo wadaiwa walilalamika kwamba ilifanya deni lisiishe. Makato ya asilimia yana faida moja: hupanda na kushuka pamoja na kipato. Faini ya Sh5,000 haitambui kipato chochote.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kutia sahihi, mwanafunzi na mzazi wanafaa kutafuta majibu ya maswali machache. Kozi inagharimu kiasi gani kwa jumla, wala si kwa muhula wa kwanza pekee? Mkopo utafika wapi mwaka wa mwisho? Waliohitimu kozi hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita wako wapi sasa, na wanalipwa nini? Je, kozi imeidhinishwa na bodi ya taaluma husika? Na je, ipo njia ya kuanzia stashahada, kufanya kazi, kisha kuendelea na shahada baadaye?

Aliyekwisha kuhitimu naye asikimbie. Asiye na kazi anashauriwa kuiandikia Bodi mapema, kueleza hali yake na kukubaliana kiasi anachoweza, hata kiwe kidogo. Mara kadhaa Bodi imewasamehe faini wanaolipa deni lote kwa mkupuo, lakini msamaha huo humfaa tu aliye na fedha mkononi. Anayenyamaza ndiye hulipa zaidi.

Shahada, basi, haina bei moja. Kwa mwenye kozi inayohitajika na kundi la ufadhili linalolingana na hali ya nyumbani kwao, deni la riba ya asilimia 4 ni mkopo mwema. Kwa aliyepangiwa kozi asiyoijua, katika kundi lisilo lake, deni hilo hilo laweza kumfuata hadi siku atakapoanza kuhesabu karo ya watoto wake mwenyewe.