Shule za ufundi New Jersey zinavyokarabatiwa kwa fedha za bili ya umeme

KATIKA jimbo la New Jersey, Marekani, kila moja ya kaunti 21 ina wilaya yake ya shule za ufundi, ambako vijana hujifunza uchomeleaji, ufundi wa magari, upishi, ususi, useremala na fani nyingine. Majengo ya shule hizo hula nishati kwa namna ambayo darasa la kawaida halifanyi. Karakana ya uchomeleaji haiwezi kukaa bila feni za kuvuta moshi, na wakati wa baridi kila feni inayotoa moshi hutoa pia hewa iliyokwisha kupashwa joto kwa gharama. Milango mikubwa ya gereji hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Jiko la mafunzo lina majiko na majokofu ya ukubwa wa hoteli, na jioni, vijana wakishaondoka, watu wazima huingia kwa masomo yao.

Boila la jengo kama hilo linapozeeka, fedha za kulibadilisha huwa vigumu kupatikana. Bajeti ya mwaka hutosha mishahara na vifaa, na mkopo wa kawaida wa umma una mlolongo mrefu wa idhini. Wakati huohuo bili ya umeme na gesi hulipwa kila mwezi bila kukosa, ikiwa ni pamoja na sehemu inayopotea bure kwa sababu ya boila hilo hilo bovu.

Mkataba wa utendaji wa nishati umejengwa juu ya jambo hilo. Kampuni ya huduma za nishati hukagua jengo, huonyesha ni kiasi gani cha bili kinaweza kuokolewa, kisha hubadilisha taa, maboila, mota na mitambo ya kudhibiti joto. Fedha za kazi hukopwa, na mkopo hulipwa kwa akiba itokanayo na bili iliyopungua. Shule haiongezewi mzigo, almuradi akiba ipatikane kweli.

New Jersey ilitunga sheria yake ya utaratibu huu mwaka 2009. Chini ya sheria hiyo, shule hufanyiwa kwanza ukaguzi wa nishati, kisha huandaliwa mpango unaoonyesha gharama na akiba ya kila kazi. Mtaalamu asiye na maslahi katika mradi huhakiki hesabu hizo, na mpango hupelekwa kwa Bodi ya Huduma za Umma ya jimbo. Fedha hupatikana kwa mkataba wa kukodisha mitambo hadi iwe mali ya shule, au kwa hati fungani ambazo hazihitaji kupigiwa kura na wakazi. Sheria ilipotungwa, ukomo wa kulipa ulikuwa miaka 15, na miaka 20 kwa mitambo inayozalisha umeme na joto kwa pamoja.

Chukulia shule ambayo bili yake ni dola 600,000 kwa mwaka, na mradi wa dola milioni 1.9 unaoahidi kuokoa asilimia 30. Akiba ni dola 180,000 kwa mwaka. Mkopo huo kwa riba ya asilimia 4 kwa miaka 15 hudai dola 171,000 hivi kila mwaka, hivyo hubaki dola 9,000. Lakini akiba ikiishia asilimia 25, shule hupata dola 150,000 na kulazimika kutafuta dola 21,000 nyingine kila mwaka. Tofauti ya asilimia tano tu, ambayo kwenye karatasi huonekana ndogo, imegeuza faida kuwa deni.

Ndiyo maana neno zito kuliko yote katika mkataba ni dhamana. Katika jimbo jirani la Pennsylvania, sheria inataka kampuni iahidi kwa maandishi kwamba akiba itatosha kulipa gharama, na ifidie upungufu ikiwa haikutosha. New Jersey imechukua njia tofauti: kampuni inayoshinda zabuni lazima itoe pendekezo la dhamana, lakini shule haishurutishwi kulikubali. Dhamana ina bei yake, na msimamizi anayeona kila dola ya mradi ikihesabiwa huvutika kuiacha. Akiiacha, shule ndiyo itakayobeba hatari ambayo mkataba ulikusudiwa kuiondolea.

Hata dhamana iliyonunuliwa huwa na mipaka. Kwa kawaida kampuni hudhamini kiasi cha nishati, yaani kilowati-saa za umeme na ujazo wa gesi, na kukigeuza kuwa dola kwa bei iliyokubaliwa siku ya kutia saini. Bei sokoni ikishuka, kampuni huwa imetimiza ahadi yake huku shule ikiokoa fedha pungufu. Jambo hili si la kufikirika. Bei ya jumla ya gesi asilia nchini Marekani ilikuwa wastani wa karibu dola 9 kwa kipimo kimoja mwaka 2008. Mwaka 2012 kipimo kilekile kilikuwa chini ya dola 3. Mpango uliopigiwa hesabu kwa bei za 2008 ungekuwa na pengo kubwa miaka minne baadaye, hata kama kila boila lingefanya kazi bila kasoro. Ni kweli kwamba bili yenyewe nayo ingekuwa imeshuka, lakini hilo humsaidia tu mhasibu aliyeweka akiba hiyo kando.

Somo hilo liliwahi kutolewa mapema zaidi. Kampuni za aina hii zilianza kustawi Marekani baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, na mwanzoni nyingi zilitoa mtaji wenyewe kisha zikagawana akiba na mteja. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, thamani ya mgawo wao iliporomoka nayo, na baadhi zikashindwa kurejesha mikopo. Tangu hapo mtindo ulioenea ni ule ambao mteja hukopa mwenyewe na kampuni hudhamini utendaji wa mitambo. Kwa maneno mengine, hatari ya bei ilihama kutoka kwa kampuni kwenda kwa mteja.

Kinachobaki ni kipimo. Akiba haionekani kwenye mita. Kinachoonekana ni matumizi tu. Ili kujua kilichookolewa, ni lazima kulinganisha matumizi ya sasa na kiwango cha msingi, yaani matumizi ya kabla ya kazi, baada ya kurekebisha tofauti za ukali wa baridi, idadi ya wanafunzi na saa za kufungua. Itifaki ya kimataifa iliyochapishwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990 inatoa njia nne: kupima kipengele kimoja muhimu na kukadiria vingine, kupima mtambo uliobadilishwa peke yake, kusoma mita ya jengo zima, au kutumia mfano wa kompyuta.

Kwa shule ya ufundi uchaguzi huo si wa kitaalamu tu. Kupima taa ni rahisi, kwa kuwa wati zake hujulikana na hubaki kukadiria saa za kuwaka. Lakini shule ikiongeza karakana ya pili ya uchomeleaji katika mwaka wa nne wa mkataba, au ikianzisha masomo ya jioni, mita ya jengo zima itapanda na kampuni itadai kiwango cha msingi kirekebishwe. Madai hayo yatakuwa ya haki. Swali ni nani anayefanya hesabu, na kama kuna mtu upande wa shule anayeweza kuikagua.

Ujerumani ilijaribu kupunguza udhaifu huo kwa wingi wa majengo. Tangu mwaka 1996 jiji la Berlin limekuwa likikusanya majengo ya umma katika mafungu, zikiwamo shule, na kuyatangazia zabuni kwa pamoja. Jengo lenye akiba kubwa huwekwa fungu moja na lile ambalo peke yake lisingemvutia mwekezaji. Zaidi ya majengo 1,300 yalipitia mpango huo, kwa akiba iliyodhaminiwa ya wastani wa karibu robo ya gharama za nishati, na jiji lilikuwa na wakala wake wa nishati wa kusimamia mikataba.

New Jersey inataka mtaalamu wa nje ahakikishe kwamba mitambo imefungwa kama mpango ulivyosema. Baada ya hapo upimaji wa kila mwaka hutegemea kile ambacho shule ilikubali kukilipia. Pasipo upimaji huo, mlinzi wa jengo anayezima kidhibiti cha joto asubuhi moja ya baridi kali kwa sababu walimu wamelalamika, kisha akasahau kukiwasha, anaweza kula akiba ya msimu mzima bila mtu kujua.