Mgongano wa maslahi katika majarida ya kitaaluma

Mgongano wa maslahi ni hali ambapo mtu anayeandika, kuhakiki, kuhariri au kuchapisha makala ya utafiti ana kitu cha kupata au kupoteza kutokana na yatakayosemwa humo: fedha, hisa, hataza, cheo, hata urafiki au uhasama. Kuwa na maslahi peke yake si kosa. Kosa ni kuyaficha, kwa kuwa msomaji hakuwepo maabara wala wodini, na hawezi kupima asichoambiwa.

Mwaka 1967 New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha mapitio ya watafiti wa Harvard yaliyopunguza uzito wa sukari katika maradhi ya moyo na kuyaelekeza macho kwenye mafuta. Watafiti hao walilipwa dola 6,500 na Sugar Research Foundation, chombo cha wafanyabiashara wa sukari. Malipo hayo hayakutajwa katika makala, na undani wake ulikuja kuchapishwa mwaka 2016. Wakati ule jarida halikuwa na sharti la kutangaza maslahi. Lililiweka mwaka 1984.

Sharti bila ukweli halimzuii mtu. Februari 1998 jarida la tiba The Lancet lilitoa makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 na kuihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa amepata fedha kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na kwamba baadhi ya watoto hao walihusika na madai hayo. Jarida liliibatilisha makala mwaka 2010, miaka 12 baadaye. Katika muda huo wazazi wengi Uingereza waliogopa kuwachanja watoto wao, na surua ikarudi.

Kwa kawaida lawama huishia kwa mtafiti. Mfano wa dawa ya maumivu ya viungo Vioxx, ya kampuni ya Merck, unaonyesha kuwa jarida nalo lina mfuko wake. Novemba 2000 New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliogharimiwa na Merck, ukiwalinganisha wagonjwa zaidi ya 8,000 waliotumia Vioxx au naproksini, dawa nyingine ya maumivu. Waliotumia Vioxx walipata mshtuko wa moyo mara nyingi zaidi, lakini makala ikaielezea tofauti hiyo kana kwamba naproksini ndiyo iliyoukinga moyo. Vioxx iliondolewa sokoni Septemba 2004. Desemba 2005 wahariri wakatangaza wasiwasi wao: visa vitatu vya mshtuko wa moyo havikuingizwa kwenye hesabu, ingawa waandishi wawili walioajiriwa na Merck walikuwa na habari navyo kabla ya makala kutoka.

Kufikia hapo jarida lilikuwa limeuza nakala 929,400 za makala hiyo, nyingi zikinunuliwa na Merck ili zigawiwe kwa madaktari. Mapato ya mauzo hayo yalikadiriwa kuwa kati ya dola 697,000 na 836,000. Hili halithibitishi kwamba mhariri alinunuliwa. Linatosha hata hivyo kuonyesha kwamba anayeamua kama makala irekebishwe yuko ndani ya taasisi inayonufaika na makala hiyohiyo ikibaki ilivyo, na daktari aliyekabidhiwa nakala safi yenye jina kubwa hakuambiwa lolote kuhusu biashara hiyo.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 2000 na 2005 tawi la Australia la Elsevier, kampuni inayochapisha majarida ya kitaaluma, lilitoa machapisho sita yaliyofanana na majarida ya kitaaluma kumbe yamelipiwa na kampuni za dawa, likiwemo Australasian Journal of Bone and Joint Medicine la Merck. Elsevier ilikiri mwaka 2009.

Majarida yanayomtoza mwandishi ada ya kuchapisha yamezaa mgongano wa aina nyingine, kwani kila makala inayokataliwa ni pato lililopotea. Kwa mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye kupanda cheo kwake kunategemea machapisho, na ambaye ada anailipa mfukoni, jarida linalokubali kila kitu ni mtego halisi.

Leo majarida mengi ya tiba hutumia fomu ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, inayomtaka mwandishi aeleze uhusiano wake wa kifedha wa miezi 36 iliyopita. Fomu hiyo haimtaki mchapishaji aeleze ameuza nakala ngapi za makala, wala amemuuzia nani.