Wimbo Uliovuka Ukuta

Waulize mashabiki wa David Bowie wimbo wake bora ni upi; ubishi hauishi. Wa Ziggy Stardust, mhusika aliyemzika jukwaani London tarehe 3 Julai 1973, hawaelewani na wa Berlin. Mimi nasimama na "Heroes", uliorekodiwa 1977 katika studio ya Hansa, jirani na Ukuta. Tarehe 6 Juni 1987 Bowie aliuimba karibu na Reichstag, upande wa Magharibi. Vijana wa Mashariki walijazana ng'ambo kusikiliza. Kabla tamasha la siku tatu halijaisha, polisi walikuwa wamewakamata baadhi yao. Sisi tunabishana tumekaa vitini. Wao walilipia kusikiliza tu. Bowie alibadilika kila mara. Kura yangu haibadiliki.